Kabla Hujamchora, Muulize Jina

Kama unaishi mjini na una simu, umeiona hii. Uso wa mzee mwenye ndevu zilizosokotana, macho mekundu, kila kunyanzi limechorwa mpaka la mwisho, yote kwa penseli. Chini yake msanii ameandika masaa aliyotumia na aina ya penseli, halafu sentensi mbili kuhusu utu. Laiki zinamiminika. Mmoja anauliza bei. Mwingine anauliza kama anachora pia picha za harusi.

Hakuna anayeuliza yule mzee anaitwa nani.

Niseme mapema, nisije nikaeleweka vibaya: sina shida na mtu anayechora watu wanaolala nje. Tena nataka wachorwe zaidi. Shida yangu ni namna picha nyingi za aina hii zinavyopatikana. Zinaanza na simu. Msanii anapita Moi Avenue ama pale Globe, anampiga mtu picha kisirisiri akiwa amejikunyata kwenye katoni, anarudi keja, anaifungua ile picha kwenye skrini na kuanza kazi. Mwenye uso hajui lolote. Kesho atalala pale pale, na keshokutwa, huku uso wake uko kwenye fremu ukiuzwa kwa pesa ambazo yeye hajawahi kuzishika kwa mkupuo mmoja.

Mimi si mchoraji. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, karo ilipogoma, na kozi haikuwa ya sanaa. Lakini nimekaa na wasanii vya kutosha kujua kwamba kuchora kutoka kwa simu na kuchora mtu aliyeketi mbele yako ni kazi mbili tofauti. Picha ya simu inachukua sekunde na haingoji ruhusa ya mtu. Kuchora mtu ana kwa ana kunataka akubali kukaa. Unamwambia ageuze kichwa kidogo. Anachoka, anaomba anyooshe mguu, anakuuliza wewe ni nani na hiyo kitu unaipeleka wapi. Ukimkosea pua anakuambia, tena bila huruma, na wote walio kwenye ile base yao wanakuja kuangalia na kucheka. Ndani ya hiyo saa moja mtapiga stori hata kama hamkupanga. Jina litatoka lenyewe, pengine na la mama yake, na la kijiji alichotoka, na ya nani alimleta mjini.

Hiyo saa moja ndiyo ninaitetea hapa.

Watu wa mtaani wanaujua mchezo wa kamera kutuliko. Inua simu tu uone: kofia inashuka usoni, blanketi inavutwa, mmoja anakurushia maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuchapa. Si kwamba hawapendi kupigwa picha. Waulize vizuri na utaona wakijipanga, wakitengeneza kola, wakimvuta na mbwa wao aingie. Ila wamejifunza kwamba anayekuja na kamera bila salamu ni mtu wa kanjo, ni polisi, ama ni mtu wa kontenti, na kati ya hao watatu hakuna anayekuja na habari njema.

Tena hebu tuliangalie hilo neno tunalowaita. Chokoraa. Linatoka kwa kuchokora, yaani kupekua takataka kwa kijiti ukitafuta kitu cha kula ama cha kuuza. Jina la kazi limekuwa jina la mtu, na mtu akishakuwa kazi yake, tena kazi ya jaani, nani atajisumbua kumuuliza jina lingine?

Stori hii ni ya zamani kuliko simu. Twende London, mwaka wa 1869. Desemba 4 gazeti jipya la picha liitwalo The Graphic lilitoa toleo lake la kwanza kabisa, na ndani yake kulikuwa na mchoro wa kijana wa miaka 26, Luke Fildes. Mchoro uliitwa Houseless and Hungry, watu wasio na pa kulala na wenye njaa. Unaonyesha foleni ukutani, usiku wa baridi kali, nje ya kituo cha polisi. Kuna mama amebeba mtoto, kuna wazee, kuna mlevi, kuna familia nzima imejibana pamoja. Wanangoja tiketi. Enzi hizo, kama huna pa kulala London, ulienda polisi kuomba karatasi ya kukuruhusu kulala usiku mmoja kwenye makao ya maskini, na asubuhi ulilipia kile kitanda kwa jasho: kuponda mawe, ama kuchambua kamba kuukuu za meli uzi kwa uzi.

Fildes aliiona foleni hiyo kwa macho yake alipokuwa mgeni mjini. Na alipokuja kuichora hakujifungia chumbani na kuwaza maskini anakaaje. Alitoka usiku, akawatafuta watu barabarani, akawaomba waje kwake, akawalipa kwa kukaa. Ndiyo maana ukiuangalia ule mchoro hadi leo, hakuna nyuso mbili zinazofanana.

Mchoro ulibadilisha maisha. Maisha ya Fildes, hasa. Mchoraji mkubwa wa wakati huo, John Everett Millais, aliuona na kumpelekea Charles Dickens, ambaye alikuwa anahitaji mtu wa kuchora picha za riwaya yake mpya, The Mystery of Edwin Drood. Kijana akapata kazi ya ndoto. Mwaka wa 1874 akaigeuza ile foleni kuwa mchoro mkubwa wa rangi na kuupeleka kwenye maonyesho ya Royal Academy. Umati ulikuwa mkubwa hivi kwamba ilibidi uwekwe uzio na polisi wa kuulinda.

Soma tena hapo. Polisi alilinda picha ya watu wasio na makao. Wakati huo huo, nje mitaani, sheria ya Uingereza ya 1824 dhidi ya wazururaji ilikuwa inampa polisi nguvu ya kuwakamata watu wenyewe kwa kosa la kulala nje ama kuombaomba. Kwenye turubai walikuwa sanaa. Hatua mia moja kutoka pale, walikuwa kosa la jinai.

Fildes alisonga mbele, akachora picha rasmi ya Mfalme Edward VII, akapewa cheo cha Sir. Mchoro wenyewe leo uko kwenye chuo cha Royal Holloway, nje kidogo ya London. Simlaumu. Alifanya kazi yake vizuri kuliko wengi wetu, na alilipa. Lakini yule mama mwenye mtoto alienda wapi baada ya kushuka ngazi za studio? Jina la mfalme tunalo. La Dickens tunalo.

Msiseme hiyo ni Uingereza na haituhusu. Wazo hilo la 1824 lilipanda meli. Serikali ya kikoloni ililileta hapa, ikalitumia kumsukuma nje ya mji Mwafrika yeyote asiye na kazi ya mzungu wala karatasi, na tulipopata uhuru hatukulitupa. Sheria ya uzururaji ya Kenya ilifutwa mwaka wa 1997. Yaani miaka 34 baada ya bendera kupanda, bado ilikuwa kosa kuwa mtu asiye na kwenu. Na hata ilipofutwa, kanuni ya adhabu ikabaki na kifungu chake kuhusu watu wazembe wasio na utaratibu. Ukitaka kujua ni akina nani hao, tembea na kanjo usiku mmoja.

Serikali ya Narc ilipoingia, 2003 iliundwa hazina ya kitaifa ya kurekebisha maisha ya familia za mitaani, na vijana wengi wakatolewa barabarani na kupelekwa NYS kufunzwa kazi. Wapo waliotoka pale wakiwa mafundi. Wapo waliorudi barabarani. Halafu 2018 ikafanywa sensa ya watu wa mitaani nchi nzima, usiku, wakihesabiwa pale wanapolala. Walipatikana 46,639. Nairobi peke yake 15,337. Mombasa 7,529. Kisumu 2,746.

Nambari hizo ni muhimu, na sitaki kusikia mtu akizidharau, kwa sababu bila hesabu hakuna bajeti. Lakini hebu jaribu kuwaza watu elfu kumi na tano. Huwezi. Mimi pia siwezi. Naweza kumuwaza mmoja, ama watatu, na hapo ndipo penseli inafanya kazi ambayo sensa haiwezi. Shida ni kwamba picha isiyo na jina inaturudisha kwenye nambari ile ile. Ukichora "mtu wa mtaani" badala ya kumchora Kamau, ama Achieng', ama Mwinyi, umeongeza tu mmoja kwenye elfu kumi na tano.

Kuna kijana mwingine aliyeupenda sana ule mchoro wa Fildes. Mholanzi, hana pesa, anaishi kwa kutumiwa na kaka yake mdogo kila mwezi, na ukoo unaona ameharibikiwa. Vincent van Gogh. Kabla ya alizeti na nyota ambazo nyote mmeziweka kwenye skrini za simu zenu, aliishi mji wa The Hague, 1882 na 1883, akijifunza kuchora watu. Alikusanya picha za The Graphic kama vile sisi tunavyohifadhi video. Mwanzoni mwa 1883 alinunua majuzuu ya miaka kumi ya gazeti hilo kwa mpigo, pesa ambazo kwa akili ya kawaida zingekuwa za chakula.

Hakuwa na uwezo wa kulipa wanamitindo wa kitaalamu, basi akaenda kwa wazee waliotunzwa kwenye makao ya hisani. Mmoja wao tunamjua kwa jina: Adrianus Zuyderland, mzee wa zaidi ya miaka 70, mashavu yenye ndevu nyeupe. Alikaa mbele ya Van Gogh mara nyingi, akilipwa kidogo kidogo. Akachorwa amevaa kofia, akachorwa na mwavuli, akachorwa akinywa kahawa. Ile picha ya Novemba 1882 ambapo ameketi kwenye kiti, ameinama, ngumi zimeziba uso, ndiyo Van Gogh aliirudia kwa rangi Mei 1890, miezi miwili tu kabla ya kufa. Miaka minane baadaye bado yule mzee alikuwa kichwani mwake. Zuyderland alikuwa na paa juu yake, kweli, la kuazimwa. Ninachotaka uone ni hizo mara nyingi. Alirudi na kurudi. Mtu uliyemchora mara moja amelia ni picha ya kilio. Mtu uliyemchora akilia, akinywa kahawa, akibeba mwavuli, huyo sasa ni mtu.

Na kuna Sien Hoornik. Van Gogh alikutana naye kwenye baridi, mjamzito, ana binti mdogo, akitafuta riziki barabarani. Akamchukua awe mwanamitindo wake, akamlipa alichoweza, na siku ambazo hakuwa na cha kulipa aligawana naye mkate. Aprili 1882 akamchora uchi, mjamzito, ameinamisha kichwa kwenye mikono, picha aliyoiita Sorrow, huzuni. Waliishi pamoja. Septemba 1883 akaondoka, akamwacha na watoto wawili. Sien aliendelea na maisha magumu na mwaka wa 1904 akafa kwa kujitosa mtoni. Kwa hivyo msiniletee Van Gogh kama malaika wa wasanii. Alitoa zaidi ya wengi, na hata hivyo haikutosha, na picha ikaishi kuliko mwanamke. Msanii anayesema anamchora mtu ili kumwokoa, mimi humwogopa kidogo. Mlipe, mheshimu, mchore vizuri. Kuokoa ni kazi nyingine na inahitaji bajeti.

Sasa tuje kwa pesa, maana hapa ndipo watu hunijia juu. Ukimlipa atanunua gundi, wanasema. Sawa. Na wewe ukilipwa na mteja, anakuuliza utanunua nini? Wasanii wangapi mnaowajua wamechukua malipo ya mural Ijumaa na kufikia Jumatatu hawana nauli? Malipo ya kukaa ni ya kazi ya kukaa. Mtu ameacha kuchakura chuma na plastiki kwa saa mbili ili wewe upate kivuli cha shavu lake, na hizo saa mbili kwake zilikuwa chakula cha jioni. Kama bei yako ya picha ni elfu thelathini, huwezi kuniambia mwenye uso alistahili soda na nusu mkate.

Na umlipe taslimu. Najua hili linaonekana jambo dogo, lakini wasanii wengi hawajalifikiria. Kusajili laini ya simu kunahitaji kitambulisho. M-Pesa inahitaji laini. Kitambulisho kinahitaji cheti cha kuzaliwa ama vitambulisho vya wazazi, na mtu aliyeletwa mjini akiwa na miaka saba na mjomba aliyepotea hana hivyo vyote. Wapo wanaofika miaka thelathini bila kitambulisho. Fikiria maana yake kwa mada yetu. Picha rasmi ambayo serikali humpiga kila Mkenya akifika miaka 18, yenye jina lake chini, wao hawana. Huenda mchoro wako ndio sura ya kwanza ya huyo mtu kuwahi kuwekwa kwenye karatasi. Halafu unaiacha bila jina?

Wengine wameniambia humpa mchorwa nakala ya picha. Wazo zuri, ila mpe ya kutosha mfukoni, na iwe na plastiki juu. Mtu asiye na nyumba hana ukuta. Mali yake yote iko kwenye gunia, na gunia hilo linanyeshewa, linaibwa, ama linarushwa kwenye lori la kanjo asubuhi ya msako. Karatasi ya A2 uliyompa kwa mbwembwe mbele ya kamera itakuwa ya kuwashia moto kabla ya wiki kuisha, na usimlaumu, usiku wa Julai wa Nairobi unaujua.

Sheria nayo inasemaje? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na haikuundwa kwa ajili ya benki peke yake. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha, bila idhini yake. Shule moja ya Uthiru ikatozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Tulishangilia wote. Sasa nieleze, kama uso wa mtu aliye na bia mkononi Jumamosi usiku una thamani ya milioni moja na laki nane, uso wa mtoto aliye na chupa ya gundi puani Jumatatu asubuhi una thamani gani? Katiba, Kifungu cha 28, inasema kila mtu ana hadhi ya asili. Haikuongeza maneno "aliye na anwani".

Najua kuna wasanii wanaojua sheria watanijibu. Ni kweli, sheria hiyo imeacha mwanya kwa kazi za uandishi wa habari, fasihi na sanaa pale zinapochapishwa kwa maslahi ya umma. Pengine ukishtakiwa utashinda. Mtu wa mtaani hatakushtaki hata hivyo, na wewe unajua hivyo, na ndiyo maana ulimchora yeye na hukumchora yule mheshimiwa aliyelala ndani ya gari lake pale maegeshoni. Kwa watoto, mimi nasimama kabisa. Usimchore mtoto wa mtaani kutoka kwa picha ya kuiba, hata kama una sababu nzuri. Mtoto huyo anaweza kuwa amekimbia mtu, na mtu huyo ana simu.

Kitu kingine kinachonikera ni machozi. Sijui ni nani alianzisha, lakini siku hizi kila mchoro wa penseli wa mtu maskini una chozi moja linaloteremka, limeng'arishwa kwa ustadi, na vumbi limepangwa usoni kama vipodozi. Watu wanasifu: inafanana na picha kabisa! Basi si ungeacha ile picha? Ukikaa na watu wa base yoyote jioni moja utagundua wanacheka kupita kiasi. Wana makelele, wana siasa, wana timu za Premier League, wanagombana kuhusu nani alimaliza chai. Wana mapenzi, wana wivu. Kuna uchungu, na uko mwingi, lakini hautoki kwa chozi moja lililonyooka. Unatoka kwa namna mtu anavyokaa bila kuegemea kitu, kwa sababu kila ukuta ana mwenyewe na mlinzi. Hicho ndicho kitu kigumu kuchora. Fildes alikipata: watu wake wameegemea ukuta wa kituo cha polisi, ukuta pekee ambapo usiku huo hawangefukuzwa.

Na tusisahau kwamba wanaochorwa wanaweza kushika penseli. Angalieni Wajukuu, kundi la wasanii wa Lunga Lunga, kule Mukuru. Mukuru si kulala nje, naelewa, watu wana nyumba za mabati na wanalipa kodi. Lakini ni mahali ambapo wapiga picha wa nje wamekuja kuvuna nyuso kwa miaka mingi. Wale wasanii walikulia hapo, wakafungua studio hapo hapo, wakaanza kufunza watoto wa mtaa kuchora. Mwaka wa 2022 walialikwa kwenye maonyesho ya documenta kule Kassel, Ujerumani, ambayo ni kama Kombe la Dunia la sanaa, na wakajenga mlango wa kuingilia jengo zima kwa mabati yenye kutu. Mzungu akitaka kuona sanaa alipita kwanza chini ya mabati ya Mukuru. Wakaondoka na tuzo ya Arnold Bode.

Nawaza, je, msanii akienda base na penseli mbili badala ya moja? Mchore, halafu mpe naye akuchore. Utatoka vibaya, utachekwa na base nzima. Lakini mtakuwa mmetazamana kwa muda sawa, na picha hizo mbili zikiwekwa ukutani kando kwa kando, mimi ningelipa kiingilio.

Kwa wanaoandaa maonyesho, ombi langu ni fupi. Ule mkanda mdogo wa karatasi kando ya picha huwa na jina la msanii, vifaa na bei. Ongezeni jina la aliyechorwa, lile alilochagua mwenyewe, hata kama ni jina la mtaani, hata kama ni Kadogo ama Rasta. Kama hataki jina liandikwe, andikeni kwamba aliulizwa akakataa. Na mwambieni mnunuzi ni asilimia ngapi inarudi kwa mwenye uso, kwa maandishi.

Halafu kuna usiku wa ufunguzi. Divai, vitafunio, hotuba ya balozi, watu wakisimama mbele ya uso wa mtu na kutikisa kichwa. Mwenye uso yuko wapi saa hiyo? Nyingi za kumbi hizi ziko Westlands, Lavington, Karen, na langoni kuna mlinzi aliyeelekezwa ni mtu wa aina gani asiingie. Wiki moja kabla, mpelekeeni mlinzi huyo jina. Mtumeni mtu wa boda amchukue mgeni pale anapolala, maana matatu jioni hazimbebi mtu mwenye gunia.